Wimbo wa Kumtoa Fundi Chini ya Lori

Ilianza Jumamosi ya pili ya likizo ya Juni, saa nane na nusu mchana, pale jirani yetu wa kuchomelea mageti alipozima mashine yake, na gereji ya baba huku Nyakato ikawa na ukimya wa kutosha kurekodi. Saa nimeikumbuka kwa sababu niliitazama mara nyingi sana siku ile, nikiomba umeme ukatike.

Haukukatika.

Nieleze kwanza bendi yenyewe. Bendi ya baba inanizidi umri. Ilianzia palepale gereji, kati ya matairi na mapipa ya oili chafu, kabla baba hajamwoa mama. Mama husema siku alipoletwa kutambulishwa alikuta mke mwenzake keshafika, mwembamba, ana nyuzi sita. Wako watatu. Baba anapiga gitaa na kuimba. Shangazi, dada yake baba, anapiga besi. Siku za kazi anauza dagaa Igogo, na vidole vyake vinanuka dagaa hata akiwa kwenye nyuzi. Wa tatu ni fundi rangi wa pale gereji, ndiye mpiga dramu, na Jumapili anapigia kwaya ya kanisani kwao.

Muziki wao si dansi wala si bongo fleva. Gitaa la baba linapitia kwenye spika iliyopasuka, na ule mpasuko ndio wanaoutaka wenyewe. Ukiwaletea spika nzima wanalalamika. Baba anauita roki. Mtaa mzima unauita makelele ya gereji, na nadhani baba analipenda jina hilo kuliko la kwake. Albamu ya kwanza ilikuwa kaseti, ya pili ikawa sidii, na hii ya tatu watu wataipata kwenye simu. Kati ya albamu moja na nyingine miaka inapita mpaka watu wanauliza kama wale bado wapo. Wapo. Kila Jumamosi wapo. Na sasa walikuwa wametangaza mpaka kwa wenye maduka kwamba Ijumaa inayokuja albamu mpya inatoka.

Bendi yao ina kanuni moja, na lazima niieleze vizuri maana ndiyo iliyonitesa. Wimbo mpya unapigwa gereji huku kazi zikiendelea, fundi akiwa chini ya gari. Fundi akitoka mwenyewe, akaacha spana yake, akaja kusikiliza, wimbo unaingia kwenye albamu. Asipotoka, unaachwa, hata kama mtunzi alilia akiutunga. Haruhusiwi kuitwa. Ukitaka kuurudisha wimbo uliokataliwa, uubadilishe kwanza. Baba anasema mtu aliyekaa mbele yako kwenye kiti atakupigia makofi kwa adabu tu, lakini mtu aliye chini ya gari uso wake hauonekani, kwa hiyo hana sababu ya kukudanganya.

Anayelala chini siku hizi ni fundi wa gia. Ni mkubwa kuliko baba, mimi namwita baba mkubwa ingawa hatuna undugu. Ni mgumu huyo! Baba mwenyewe alitunga wimbo wa pamba, akauhangaikia mwaka mzima. Siku ya kuupiga, fundi wa gia alibaki chini mpaka nyuzi za mwisho zikanyamaza, kisha mkono wake ukatokea peke yake pembeni ya tairi. "Nipeni kumi na saba," akasema. Yaani spana namba kumi na saba. Wimbo wa pamba ukafa hapo.

Ndiyo maana albamu ilikuwa na nyimbo tisa na nafasi moja wazi. Na nafasi ile niliitaka mimi.

Niliitaka kiasi cha kuona aibu. Mimi ni mtu wa kukaa nyuma. Niko kidato cha tatu, na kuna walimu ambao mpaka leo hawajui sauti yangu. Si kwamba sijui majibu. Mwalimu akiuliza, jibu linakuja haraka, linafika kooni, linakaa. Anajibu mwingine, anapigiwa makofi, na mimi nabaki na jibu langu kama mtu aliyepika akakosa wageni. Sasa siku moja nikiwa nafua sare nyuma ya nyumba nikaanza kuimba tu mambo hayo. "Jibu ninalo, mdomo sina." Nikarudiarudia. Wiki nzima nikawa naongeza ubeti. Sikujua kwamba shangazi alikuwa amekuja kuazima beseni na amesimama kwenye kona.

"We mtoto," alisema, "huo wimbo wa nani?"

"Wa hakuna mtu."

"Basi huyo Hakuna Mtu ana kipaji."

Akaenda kumwambia baba moja kwa moja. Baba alikuja jioni, akasimama mlangoni muda mrefu kama mtu aliyesahau alichofuata. Kisha akasema, "Lete Jumamosi."

Nilikuwa nimefikiria hivi: sauti yangu ikishaingia kwenye albamu, hata mara moja tu, haitarudi tena kooni. Itakuwa iko nje. Watu wa Magu wataisikia, wa Igogo wataisikia, na mimi sitakuwa na njia ya kuimeza. Hilo tu ndilo nililotaka.

Basi Jumamosi ile, saa nane na nusu, nilisimama katikati ya gereji na gitaa dogo la zamani la baba. Mbele yangu kulikuwa na lori la kubebea mpunga lililotoka Magu gia zikiwa zimegoma, na chini yake, juu ya boksi lililokunjuliwa, alikuwa fundi wa gia. Nilikuwa nasikia spana yake, ko, ko, ko. Fundi rangi alikuwa ameazima miksa ya kwaya na kompyuta ya kurekodia, na alishatuambia lazima virudi kanisani kesho yake kabla ya ibada ya pili. Nyimbo tisa zilikuwa tayari. Ilibaki yangu.

Nikagusa uzi wa pili, nikaona umelegea. Nikainamisha kichwa nikaanza kuukaza. Tin. Tin. Tiiin.

Boksi likakwaruza sakafu. Vikatoka viatu, yakatoka magoti, akatoka fundi wa gia mzima, akasimama, akapangusa mikono kwenye suruali na kuanza kupiga makofi.

"Aisee!" akasema. "Huu wimbo ni moto! Umenitoa!"

Fundi rangi alikuwa na vijiti vyake juu, hajapiga hata kimoja. Shangazi akageuka polepole.

"Umekutoa nini, mzee mzima? Mtoto anakaza uzi."

"Anakaza nini?"

"Uzi! Hajaimba hata neno."

Fundi wa gia akamtazama baba. Baba akatazama tairi. "Si ulisema akianza tu kugusa gitaa..." fundi akaanza, akajisikia anachosema, akaishia hapo.

Fundi rangi alishindwa kujizuia, akacheka kwa pua. Shangazi hakucheka. Alimwangalia kaka yake kama anavyomwangalia mteja aliyegusa dagaa wote kisha akaondoka.

"Kaka. Umempanga mtu?"

"Nilitaka tu kumrahisishia," baba akasema. Kisha akanigeukia mimi, akasema kwa sauti ya chini anayoitumia nikiumwa, "Mama, nilitaka tu usipate tabu."

Nitasema ukweli: miguu yangu ilishageuka. Nikiaibika huwa naondoka, hiyo ndiyo desturi yangu, na geti lilikuwa wazi. Lakini nilipopiga hatua ya kwanza nikaona jambo moja wazi kabisa. Nikiondoka, wimbo utaingia. Baba atanibembeleza jioni, nitarekodi peke yangu nimejifungia, wataubandika mwishoni, na kila mtu atasema mtoto naye kaimba, hongera. Na mimi kila nikiusikia nitamsikia fundi wa gia akipiga makofi kabla sijafungua mdomo.

"Baba mkubwa," nikasema, "naomba urudi chini."

"Eeh?"

Hakusikia. Hakuna anayenisikia mara ya kwanza.

"Rudi chini ya lori!"

Shangazi akapiga uzi mmoja mnene wa besi kwa furaha. "Umesikia? Umefukuzwa. Rudi kwenu."

Akarudi. Nikamaliza kukaza uzi, na tukapiga.

Nataka kusema ulikuwa mzuri, lakini sijui. Nakumbuka dramu nyuma ya mgongo wangu na gitaa la baba likipanda, likipanda, mpasuko wake ukijaa mpaka kwenye mabati. Nakumbuka viatu vyangu, kwa sababu ndivyo nilivyoviimbia. Na nakumbuka spana. Ko, ko, ko, haikuacha, tena ilikuwa inafuata mapigo ya dramu kabisa. Nilipomaliza ubeti wa tatu, boksi halikuwa limesogea. Nyuzi zikanyamaza. Tukasubiri.

"Jamani," sauti ikatoka chini, "nani kaichukua kumi na nne?"

Fundi rangi akaweka vijiti chini taratibu.

"Spika ya kulia leo haikuwa sawa," baba akasema haraka. "Wimbo ni mzuri. Tunauingiza."

"Na kanuni?" shangazi akauliza.

"Kanuni si tuliitunga wenyewe? Hatukushushiwa mlimani."

"Wimbo wako wa pamba ulikufa kwa kanuni hiyohiyo."

"Wa pamba ulikuwa mbaya! Huu ni wa mtoto!"

"Baba, usiuingize," nikasema.

"Mama..."

"Usiuingize."

Sijawahi kumkatalia baba mbele ya watu. Sauti ilitoka ndogo lakini ilitoka. Baba akaanza kukunja waya ambao haukuhitaji kukunjwa.

Walipokuwa wanafunika vyombo, fundi wa gia alitoka chini kwa ajili ya kuondoka, nami nikachukua jagi kumwagia maji anawe. Ni kazi yangu tangu nikiwa mdogo, kuwamwagia mafundi maji na kuwapa sabuni ya unga. Alisugua muda mrefu bila kuniangalia.

"Ng'wanawane," akasema mwishowe, hivyo ndivyo anavyoniita akiwa mpole, mwanangu kwa Kisukuma, "ile ya kwanza unisamehe. Baba yako aliniomba, nikashindwa kukataa."

"Haina neno."

"Lakini ile ya pili sikukuonea. Maneno sikuyasikia hata moja. Nilisikia gitaa la baba yako. Wewe ukifungua mdomo, yeye anakufunika, kama mtu anafunika uji usimwagike."

Nikamwongezea maji. "Ungeyasikia, ungetoka?"

"Sijui," akasema. "Ndiyo maana mtu analala chini."

Nilitembea na maneno hayo mpaka nyumbani. Wakati wa chakula baba aliinamia sahani yake. Mama alikuwa keshasikia yote kutoka kwa shangazi, alijifanya hajui, akawa ananiongezea mboga bila kuombwa. Nilingoja baba akate tonge la ugali ili asiweze kunijibu haraka.

"Baba, nataka kuurudia kesho asubuhi, kabla miksa haijaondoka."

Akatafuna. "Ukirudia lazima uwe umebadilisha kitu."

"Nimebadilisha."

"Umebadilisha nini?"

"Nimekutoa wewe."

Mama akaangalia ukutani. Baba alimeza, akanywa maji, akaweka kikombe chini.

"Wimbo wa bendi yangu, bila gitaa langu?"

"Gitaa lipo. Langu."

"Unajua kwa nini nilipiga kwa nguvu vile? Niliona midomo yako inatetemeka."

"Najua ilikuwa inatetemeka. Ni midomo yangu."

Nilidhani atakasirika. Nilikuwa tayari akasirike, nilishajiandaa kabisa cha kusema, na nilichojiandaa kilikuwa kikali. Lakini aliishia kukata tonge lingine, akalikandakanda muda mrefu kuliko tonge linavyohitaji. "Fundi wa gia Jumapili haji kazini," akasema.

"Nitamfuata."

"Wewe? Uende kupiga hodi kwa watu?"

Hapo mama akacheka. Si kwa kunidharau; ni kwamba mimi nikitumwa chumvi kwa jirani huwa nasimama mlangoni mpaka mtu atoke kwa shughuli zake anikute. Kila mtu nyumbani analijua hilo.

"Nitapiga hodi," nikasema.

Asubuhi niliamka kabla ya mama. Nilipita nyuma ya ukuta wa kiwanda, nikakata kwa wauza mkaa, nikafika kwa fundi wa gia jua likiwa bado halijapanda juu ya mawe makubwa ya kilimani. Nilisimama mbele ya mlango. Nilijua nikisimama sana nitageuka, kwa hiyo nikapiga hodi nikiwa bado natembea, karibu nigonge mlango kwa paji la uso.

Alifungua mke wake. "Karibu. Kulikoni asubuhi yote hii?"

"Shikamoo mama mkubwa. Nimemfuata baba mkubwa."

"Marahaba. Kuna gari limeharibika?"

Fundi wa gia akatokea nyuma yake. Sikuwahi kumwona hivyo: shati jeupe, viatu vimepigwa rangi vinang'aa, nywele zimechanwa kwa maji. Nikamwamkia, nikamweleza. Nilieleza haraka, kichwa chini, lakini nilieleza yote.

"Mwanangu, leo sigusi gari," akasema. "Ni siku ya Bwana."

"Sikuiti kugusa gari, baba mkubwa. Nakuomba ulale tu."

"Kulala?"

"Chini ya lori. Ukisinzia, sinzia. Baba hapigi leo."

"Na shati hili nimelifua kwa mikono yangu!" mke wake akasema, lakini alikuwa anacheka mpaka ameshika mlango. "Nenda bwana, mtoto kakuomba kulala, kazi unayoiweza. Ngoja nikupe kitenge cha kutandika. Na ukirudi na doa la oili, ukalale hukohuko!"

Tulipofika gereji fundi rangi alikuwa anakunja nyaya za miksa ili aondoke nazo. Alituona, akaona kitenge, akaanza kuzikunjua bila kuuliza. Shangazi alikuwa amefika, naye kavaa ya kanisani, besi begani juu ya gauni. Baba alisimama mlangoni. Gitaa lake lilikuwa ndani ya mfuko wake, zipu imefungwa, na mikono yake ilikuwa mifukoni mwa suruali kama hajui ikae wapi.

Fundi wa gia akatandika kitenge juu ya boksi, akajisogeza chini ya lori kwa uangalifu, kiwiko kimoja kimoja.

"Kuna joto zuri huku," sauti yake ikasema. "Nalala kweli, msiseme sikuwaambia."

Fundi rangi akabonyeza, taa nyekundu ya kurekodi ikawaka. Shangazi akaanza besi, taratibu, kama mtu anatembea kuelekea kwako. Mimi, gitaa dogo kifuani, sikuangalia viatu vyangu. Niliangalia giza lile chini ya lori, kati ya tairi na tairi, nikafungua mdomo.

Mstari wa kwanza ulikatika. Sauti ilipasuka katikati ya neno na nikamwona baba, kwa pembe ya jicho, mkono mmoja ukitoka mfukoni na kuelekea kwenye zipu. Nikamtikisia kichwa. Akausimamisha, akaubana kwapani. Nikaendelea. Sauti haikuwa nzuri lakini ilikuwa peke yake, nilikuwa naisikia ikigonga mabati na kurudi, na iliporudi niliona haijanifanya kitu. Nikaipeleka tena kwa nguvu zaidi. Mwalimu akauliza, jibu likafika kooni, likakaa. Kiitikio nilikipiga kelele. Jibu ninalo, mdomo sina, jibu ninalo! Kuku wa jirani walikimbia getini. Fundi rangi akaongeza dramu ndogo tu, kwa brashi ya kupakia rangi.

Katikati ya ubeti wa pili boksi likakwaruza. Vikatoka viatu vyeusi vinavyong'aa, polepole, kisha suruali iliyonyooshwa, kisha shati jeupe, na doa moja la oili begani. Hakupiga makofi. Alikaa chini hapohapo kwenye kitenge, magoti juu, akatega sikio.

Baba alifungua mdomo kusema kitu na shangazi akamkata jicho.

Ubeti mmoja ulikuwa bado. Nikamgeuzia fundi mgongo nisije nikamwona uso, nikavuta pumzi, nikauimba wote mpaka mwisho, kisha nikasimama kimya na mkono juu ya nyuzi mpaka fundi rangi alipozima taa.